Mwana wa Nani?

Tuchukue ploti moja ya Eastleigh, Nairobi, ile mitaa ya nyuma ambako ngazi za saruji zimelika katikati kwa miguu ya wapangaji na kamba za nguo zinavuka ua kutoka roshani hadi roshani. Ploti yenyewe ni ya mfano, usiende kuitafuta. Hesabu zake ndizo za kweli, na ukikata kuelekea Kayole, Umoja au Dandora utazikuta zikipigwa mlango kwa mlango, hasa Agosti na Septemba, barua za vyuo zinapofunguliwa.

Namba mbili anakaa mama anayeuza mitumba Gikomba. Namba tano ni mwalimu wa shule ya msingi na mkewe aliyeajiriwa na kaunti. Namba saba, juu kabisa, ni familia iliyokimbia Mogadishu mwaka 1991, serikali ya Siad Barre ilipoanguka. Kila mlango una mtoto mmoja aliyemaliza Kidato cha Nne. Wote watatu walizaliwa hospitali ya Pumwani, wakavuka pamoja barabara ya Juja kwenda shule, wakafanya mtihani mmoja wa KCSE na kupata gredi moja. Wote watatu wanataka udaktari.

Mwaka 2023 kozi ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Nairobi ilitajwa kuwa ya shilingi 612,000 kwa mwaka. Kwa viwango vya mwaka 2024, mtoto wa namba mbili akiwekwa katika kundi la chini kabisa, familia yake ingedaiwa 30,600. Mtoto wa namba tano, ikiwa wazazi wake wanapata pamoja karibu 120,000 kwa mwezi, angedaiwa 183,600. Mtoto wa namba saba angeonyeshwa bei nzima. Benchi ni lile lile, maiti ya kujifunzia ni ile ile, na mhadhiri hamwongezei sauti aliyelipa zaidi. Bei inabadilika kwa sababu ya swali moja ambalo ofisi ya fedha humuuliza kila anayefika dirishani, hata kama fomu hailiandiki hivi: wewe ni mwana wa nani?

Swali hilo lina historia, na sehemu kubwa ya historia hiyo imepitia Eastlands, mitaa hii ya mashariki mwa Nairobi.

Mwana wa nchi

Nairobi ya miaka ya 1950 haikuwa na chuo kikuu. Royal Technical College ilifunguliwa mwaka 1956, lakini aliyetaka digrii bila kuvuka bahari aliangalia Makerere, na Makerere nafasi zilikuwa za kuhesabu kwa vidole. Tom Mboya, aliyeanza kazi mjini kama mkaguzi wa afya wa baraza la jiji na kukaa mtaa wa Ziwani kabla jina lake halijavuma duniani, aliona kwamba uhuru ungeikuta nchi haina watu wa kuiendesha. Septemba 1959 ndege ya kukodi iliondoka Nairobi na vijana 81 kwenda Marekani.

Karo ya wengi wao ilibebwa na vyuo vilivyowapokea. Nauli ilichangwa hukohuko Marekani: Jackie Robinson wa besiboli, mwimbaji Harry Belafonte na mwigizaji Sidney Poitier walitia sahihi barua ya kuomba michango. Mwaka uliofuata wakfu wa familia ya Kennedy ulitoa dola 100,000, na miongoni mwa waliosafiri mwaka huo wa 1960 alikuwamo Wangari Maathai, aliyekwenda kusoma Kansas. Hela ya mfukoni ilitoka nyumbani, kwa karamu za chai, dansi za kiingilio na mbuzi aliyeuzwa kabla ya wakati wake.

Mwanasiasa mwenzake, Jaramogi Oginga Odinga, naye aliwapitisha wengine upande wa Mashariki. Moscow ilikuwa imefungua mwaka 1960 chuo cha vijana wa Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, kikapewa jina la Patrice Lumumba mwaka 1961. Wahenga walisema wapiganapo tembo nyasi huumia. Safari hiyo tembo walipigana na nyasi zikanyweshwa.

Vijana hao walikuwa wageni kwa kila karatasi waliyobeba. Hata hivyo bei ya mgeni hawakuilipa, maana kila mahali palikuwa na mtu aliyesimama na kusema huyu ni wetu, ama kwa upendo, ama kwa siasa, ama kwa vyote viwili.

Nyumbani mambo yalikuwa ya ajabu zaidi. Juni 1963 ilizaliwa University of East Africa, chuo kikuu kimoja chenye miguu mitatu: Makerere, Nairobi na Dar es Salaam. Udaktari ulisomewa Kampala, uhandisi Nairobi, sheria Dar es Salaam. Kijana wa mtaa wa Bahati aliyetaka kuwa daktari alipanda treni ya Kampala, na alipofika alikuwa yuko chuoni kwake. Nairobi ilipata kitivo chake cha udaktari mwaka 1967, kila nchi ikaanza kutamani chuo chake na bendera yake, na mwaka 1970 miguu ile mitatu ikaachana. Tangu mwaka huo Mganda darasani Nairobi na Mkenya darasani Kampala wakawa na jina jipya katika daftari za chuo: mwanafunzi wa kigeni.

Mwanafunzi wa Kenya yeye alibaki mwana wa nchi. Serikali ilimlipia masomo, kitanda na chakula, na juu yake ikampa hela ya matumizi ambayo mpaka leo wazee waliosoma zama hizo huitaja kwa tabasamu: bumu. Kuanzia mwaka 1974 sehemu ya fedha hizo iliitwa mkopo, ingawa waliokopa wengi waliuchukulia kama pongezi. Kuna nyumba za mabati huko ushago zilizoezekwa kwa bumu. Kijana alikwenda chuo, na chuo kikatuma hela nyumbani.

Mwana wa mzazi

Miaka ya 1980 wanafunzi waliongezeka kuliko hazina. Chuo Kikuu cha Moi kilianzishwa mwaka 1984, Kenyatta kikawa chuo kikuu kamili mwaka 1985, Egerton mwaka 1987. Benki ya Dunia, iliyokuwa ikiikopesha Kenya kwa masharti, ilishikilia kwamba anayefaidi digrii aichangie. Mwaka 1991 likaja neno kugawana gharama. Mwanafunzi akatakiwa kulipa 6,000 kwa mwaka, bumu likaondolewa, na mabwalo ya chakula yakageuka mahali pa kununua sahani kwa sahani. Maandamano yakazuka, vyuo vikafungwa, wanafunzi wakarudishwa makwao.

Walipoitwa tena, swali lilikuwa limebadilika. Hawakuwa wana wa nchi tena. Kila mmoja alikuwa mwana wa mzazi wake. Mwaka 1995 sheria iliunda Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, HELB, na safari hii deni likawa deni kweli: riba ya asilimia 4 kwa mwaka, faini ya 5,000 kila mwezi kwa asiyelipa, na cheti cha kuonyesha hudaiwi ambacho waajiri walianza kukiulizia.

Karo nayo ikatulia kwenye 16,000 kwa mwaka, ikakaa hapo. Nauli ya matatu kutoka Buruburu ilipanda, unga ukapanda, nchi ikabadilisha marais mara tatu, na 16,000 ikabaki kama jiwe la mpaka ambalo hakuna aliyethubutu kulisogeza. Waliojiunga mwaka 2022 ndio wa mwisho kuikuta.

Lakini 16,000 ilikuwa bei ya walio ndani. Halmashauri ya vyuo iliyogawa nafasi, JAB, ilipima idadi kwa vitanda vya hosteli. Gredi ya kuingilia chuo kikuu ilikuwa C+, lakini kila mwaka maelfu waliopata C+ na zaidi waliambiwa vitanda vimejaa. Nchi ilikuwa imewapa mtihani, ikawapa alama za kufaulu, kisha ikawaacha mlangoni.

Hapo ndipo ilipopatikana biashara. Makerere ilianza mwaka 1992 kuwapokea wanaojilipia. Chuo Kikuu cha Nairobi kikafuata mwaka 1998, na mtaani mpango huo ukaitwa paralelo. Kwa Eastlands paralelo ilikuwa baraka yenye makali. Karani wa Makadara, nesi wa zamu, na konda aliyeacha masomo kwa kukosa karo, wote walipanda matatu jioni kwenda mjini kukaa darasani baada ya kazi. Mzazi wa Buruburu alichukua mkopo wa Sacco. Wa Dandora aliuza kipande cha shamba ushago. Wengine walikata tikiti ya basi la Busia, kwa sababu hesabu ya Uganda mara nyingine ilikuwa nafuu hata ukijumlisha chumba na chakula.

Mhadhiri aliyewafundisha watoto wa 16,000 asubuhi aliwafundisha wa paralelo jioni, kwa nukuu zile zile. Lakini huyu wa jioni, mwenye kitambulisho cha Kenya na kura yake Kamukunji, alilipa kama mtu aliyetoka mbali. Ukitaka kujua neno mgeni lina maana gani katika ofisi ya fedha, usiangalie pasipoti. Mgeni ni yule anayeonyeshwa bei nzima.

Vyuo navyo vilizoea mkono huo. Vikafungua matawi mijini, vikajenga, vikaajiri, vyote kwa hela ya paralelo. Kisha mwaka 2016 waziri wa elimu, Fred Matiang'i, akafunga mianya ya wizi wa mtihani. Gredi za A zikashuka kutoka zaidi ya 2,600 mwaka 2015 hadi 141. Waliopata C+ na zaidi wakawa 88,929, idadi ambayo serikali iliweza kuipa nafasi yote, hata katika vyuo vya binafsi, ambako ilikuwa imeanza kuwapeleka wanafunzi wake. Nani basi alibaki wa kujilipia? Chanzo kikakauka katika msimu mmoja. Kufikia mwaka 2023 madeni ya vyuo vya umma yalikuwa yamepita shilingi bilioni 60.

Mwana wa bendi

Tarehe 3 Mei 2023 Rais William Ruto alitangaza mfumo mpya. Kila kozi ingetajwa kwa gharama yake halisi, na gharama hiyo ingebebwa na mikono mitatu: ufadhili wa serikali, mkopo wa HELB, na familia. Mwaka 2024 wanafunzi waligawanywa katika makundi matano, na neno bendi likahama kutoka kwa wanamuziki likaingia jikoni kwa kila mzazi.

Bendi ya kwanza ilikuwa ya familia zenye mapato yasiyozidi 5,995 kwa mwezi: serikali asilimia 70, mkopo 25, familia 5. Ya pili ilifika 23,670: serikali 60, mkopo 30, familia 10. Ya tatu ilifika 70,000, na familia ilitoa 20. Ya nne ilifika 120,000, familia 30. Ya tano ilikuwa ya wote waliozidi hapo, na familia ilitoa 40. Maskini anabebwa, mwenye nacho anajibeba. Nani atabisha?

Sasa chukua kalamu. Familia ya 5,995 kwa mwezi inapata 71,940 kwa mwaka. Asilimia 5 ya udaktari ni 30,600. Hiyo ni zaidi ya miezi mitano ya kila shilingi inayoingia nyumbani, bila kula, bila kodi ya chumba, bila mshumaa. Familia ya 120,000 inatoa 183,600, ambayo ni mshahara wa mwezi mmoja na nusu. Tano ya huyu ni nzito kuliko thelathini ya yule.

Angalia pia mipaka ya viwango hivyo vya 2024. Mama wa namba mbili akipata 23,670 kwa mwezi yuko bendi ya pili na anatoa 61,200. Akipata 23,671 ameingia bendi ya tatu na anatoa 122,400. Shilingi moja, ambayo dukani haikupi hata peremende, imemwongezea deni la shilingi 61,200 kwa mwaka.

Na ni nani Gikomba anayejua mapato yake ya mwezi hadi shilingi ya mwisho? Mwenye kibanda hununua robota lililofungwa bila kuona ndani. Akilikata akakuta kamera, nguo za daraja la kwanza, mwezi huo anaweza kupata kama mwalimu. Akikuta fagia, yale masalio kama makoti ya mkono mmoja, mwezi huo anaishi kwa mkopo wa chama. Mwaka mwingine moto unapita sokoni usiku na kuacha mabati tu. Fomu inataka namba moja. Anayeandika namba ya mwezi mzuri anamwadhibu mwanawe. Anayeandika ya mwezi mbaya anaonekana mwongo. Mwalimu wa namba tano hana ujanja wowote, maana payslipu yake inamsema, lakini haisemi kwamba makato ya Sacco yameshakula nusu, wala kwamba anamsomesha pia mtoto wa marehemu kaka yake.

Fomu iliuliza mengine pia, idadi ya wategemezi, yatima au la, ulemavu, shule uliyosoma. Ndiyo maana mwaka 2024 malalamiko yalifurika: watoto wa vibarua waliojikuta bendi ya nne, na waliowahi kusomeshwa na wafadhili katika shule za gharama waliohesabiwa kuwa wana wa matajiri. Dirisha la rufaa likafunguliwa. Agosti mwaka huo rais akaunda kamati ya kuupitia mfumo, na wanafunzi wakatangaza kuingia barabarani.

Usisahau mkopo. Mtoto wa bendi ya kwanza alikopeshwa asilimia 25 ya karo, yaani 153,000, na 60,000 za matumizi. Kwa miaka sita ya udaktari, kwa bei hizo hizo, ni 1,278,000 kabla ya riba. Huyo ndiye tuliyemwita fukara kuliko wote, na ndivyo tunavyomkabidhi maisha.

Tarehe 20 Desemba 2024 Jaji Chacha Mwita wa Mahakama Kuu aliutangaza mfumo huo kuwa kinyume cha Katiba. Mwaka 2025 Mahakama ya Rufaa ikausimamisha uamuzi huo, na kabla ya muhula wa Septemba serikali ikashusha karo na kutangaza kwamba familia zingelipa kati ya 5,500 na 75,000 kwa muhula kulingana na kozi. Afueni ilikuwa ya kweli. Lakini fikiria ndugu watatu wa tumbo moja, wa kwanza ameingia chuo mwaka 2022, wa pili 2024, wa tatu 2025. Baba ni yule yule, mama ni yule yule, chuo ni kile kile, na kila mmoja ameingia kwa kanuni yake.

Rudi nyuma uitazame safari nzima. Mwaka 1970 mwana wa nchi hakuona bei. Mwaka 1991 alionyeshwa kipande. Mwaka 1998 aliyekosa kitanda alionyeshwa yote. Mwaka 2023 kila mmoja aliandikiwa gharama yote kwenye barua, kisha akaambiwa ni kiasi gani atasaidiwa. Kila badiliko hapo limemsogeza Mkenya hatua moja kuelekea ghorofa ya juu, namba saba.

Mwana wa kwingine

Binti wa namba saba anajua Kiswahili cha Eastleigh kuliko lugha ya bibi yake. Ana cheti cha kuzaliwa cha Pumwani. Lakini Kenya haitoi uraia kwa kuzaliwa hapa. Uraia hupitia kwa mzazi, na mzazi wake ana karatasi ya ukimbizi. Shule ilimpokea, baraza la mitihani lilimpokea, likampa gredi yake kwa muhuri. Alipofika kwenye ufadhili na mkopo, mlango ukauliza kitambulisho. HELB ni ya raia. Ufadhili wa serikali ni wa raia. Kilichobaki kwake ni kujilipia, au kushindania nafasi chache za wafadhili, kama ule mpango wa DAFI ambao serikali ya Ujerumani huugharimia kupitia UNHCR tangu mwaka 1992.

Anaweza kujibu kwamba yeye ni Mwafrika Mashariki. Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki lilianza Julai 2010. Mei 2017, mjini Dar es Salaam, wakuu wa nchi waliutangaza ukanda huu kuwa eneo moja la elimu ya juu, ili vyeti vitambuliwe na wanafunzi wahame bila vikwazo. Kongo, ambayo watu wake wengi wamefanya Kayole kuwa nyumbani, iliingia Jumuiya mwaka 2022. Somalia ikawa mwanachama kamili tarehe 4 Machi 2024. Siku hiyo namba saba iliamka ikiwa ndani ya Jumuiya. Dirisha la mikopo halikusogea hata inchi. Jumuiya inaweza kumwondolea mtu nyongeza wanayotozwa wageni. Mkono wa serikali unaombeba mwenyeji haiwezi kumpa. Ile miguu mitatu iliyoachana mwaka 1970 haijaungana tena.

Wakati huohuo kijana wa namba tano, akiwa na simu yake kitandani, anaota kuwa mgeni kwa wengine. Ajue kwamba bei ya mgeni ina tarehe ya kuzaliwa. Uingereza iliwatenganisha wanafunzi mwaka 1967: mwenyeji pauni 70, wa ng'ambo pauni 250. Kuanzia mwaka 1980 serikali ya Margaret Thatcher iliwatoza wageni wapya gharama yote. Leo chuo cha England kina kikomo cha kumtoza mwenyeji; kwa mwaka wa masomo ulioanza 2025 kilikuwa pauni 9,535. Kwa mgeni hakuna kikomo. Na vyuo vya huko vimeegemea hela ya mgeni kama vyetu vilivyoegemea paralelo, hivi kwamba serikali ikibana viza, wakuu wa vyuo hukosa usingizi.

Ndiyo maana mtaani siku hizi jina linalotajwa ni Ujerumani. "Huko ni bure," vijana huambiana kwenye saiba. Ni kweli karibu yote: vyuo vingi vya umma havitozi karo, lakini jimbo la Baden-Württemberg tangu mwaka 2017 huwatoza wasio wa Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula. Lakini kabla ya viza ubalozi hutaka kuona fedha za kujikimu kwa mwaka mzima zimewekwa katika akaunti iliyofungwa, na mwaka 2024 kiwango kiliwekwa euro 11,904. Ni zaidi ya shilingi milioni moja na nusu. Mjerumani haulizi wewe ni mwana wa nani ukifika darasani. Anakuuliza ukiwa bado Nairobi.

Mwana wa namba saba

Kupima uwezo wa familia si dhambi, na Eastlands inalijua hilo kuliko Hazina Kuu. Mwaka ule ule wa ndege ya Mboya, 1959, Geoffrey Griffin, Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu walianzisha Starehe kwa ajili ya watoto waliorandaranda mjini baada ya miaka ya Hali ya Hatari. Shule hiyo imejengwa juu ya kanuni kwamba asiye na uwezo asome bure na mwenye uwezo alipe. Starehe haikungoja mfumo wa kompyuta kugundua kwamba watoto hawatoki nyumba sawa.

Na ploti ina mfumo wake. Barua ikifika, kundi la WhatsApp hufunguliwa kabla ya jua kuzama. Mama Nani anakuwa mwenyekiti, Baba Nani anakuwa mweka hazina kwa sababu hanywi, na namba ya M-Pesa inabandikwa. Mwingine anatumwa kufuata fomu ya basari na sahihi ya chifu. Kwa walio mbali mchango hupigwa picha na kutumwa. Kwa wa ploti, mweka hazina hupita na daftari. Katika daftari hilo haandiki bendi wala uraia, na mara nyingi hata jina. Anaandika mlango. Namba mbili, 500. Namba tano, 2,000. Juu ya ukurasa, kichwa cha habari: karo ya mwana wa namba saba.

Lakini daftari lina mwisho wake. Tuseme ploti ina milango ishirini na minne, na kila mlango umetoa elfu moja. Ni 24,000. Muhula mmoja wa udaktari kwa bei nzima ya mwaka 2023 ulikuwa 306,000. Ingehitajika michango ya ploti karibu kumi na tatu, na si mara moja. Udaktari ni miaka sita, mihula kumi na miwili. Mchango wa kwanza hujaa kwa kuwa furaha ya barua bado mbichi. Wa pili hupungua. Wa tatu mweka hazina huona haya kugonga.

Eastlands haikosi ploti kumi na tatu. Ina maelfu, na daftari la kuzikusanya zote pamoja lipo tangu zamani, linaitwa kodi. Mama wa namba mbili akinunua sabuni dukani anakatwa VAT ya asilimia 16. Wa namba tano anakatwa. Na yule wa namba saba, mwenye karatasi ya ukimbizi, akiinunua sabuni hiyo hiyo kwenye duka hilo hilo anakatwa asilimia 16 vilevile. Dukani hapo hakuna aliyewahi kumuuliza ni mwana wa nani.